Waya wa Chini ya Ngazi

Kazi yangu ni kupima majengo. Sipimi urefu wala upana. Hiyo ni kazi ya watu wengine, na hao wanaeleweka. Mimi napima jinsi jengo linavyotumia umeme: unaingilia wapi, unafanya kazi gani, na wapi unapotea bure. Sheria inawataka wenye majengo makubwa ya biashara wafanyiwe tathmini hiyo kila baada ya miaka michache, na sisi wenye leseni ndio tunaoandika ripoti. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na mtaani kwetu Utange, hapa Mombasa, bado hakuna jirani hata mmoja anayeweza kumweleza mwenzake ninachofanya. Kwao mimi ni "wa stima". Umeme ukikatika, wa kwanza kugongewa mlango ni mimi, na nikisema sijui utarudi saa ngapi wananitazama kana kwamba nawaficha.

Nalisema hili mapema kwa sababu mambo ya lile jengo la Changamwe yalianzia hapo. Watu hawajui nimekuja kufanya nini, nami nimechoka kueleza. Nimechoka kweli. Kuna siku naona afadhali nishone maandishi kwenye mgongo wa ovaroli: sikati stima, sileti stima, bili yako hainihusu.

Jengo lina orofa nne, kando ya barabara wanakopita malori ya kushuka bandarini Kipevu kuchukua makontena. Ndani ni ofisi za mawakala wa forodha, vyumba vidogo vyenye mafaili mpaka kwenye dari, na vumbi la barabara limeingia hadi katikati ya kurasa. Mwenye jengo ni mtu wa makamo aliyepata mali yake kwa malori. Anaishi Nyali, na Changamwe huja mara mbili kwa mwezi, au mara moja, au haji kabisa. Ofisi yake iko orofa ya nne na muda wote imefungwa.

Alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa ameletewa barua na mamlaka ya nishati ya kumkumbusha kwamba tathmini ya jengo lake imechelewa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. Aliniambia bili yake inapanda bila sababu yoyote, kisha palepale akanipa sababu. Chini ya ngazi, alisema, kuna mama anayeuza barafu. Ana friza tatu. Kodi anayolipa imejumuisha na umeme, kwa mapatano ya zamani ambayo yeye mwenyewe aliyakubali siku aliyokuwa na moyo mwepesi, na sasa mama huyo anamnyonya. Kumtoa hivihivi hawezi, kwa sababu wapangaji wote wanampenda na watapiga kelele. Lakini akiwa na ripoti ya mtaalamu mkononi, nani atabisha?

"Wewe pima," akaniambia. "Karatasi yako ndiyo itakayomtoa."

Nilimjibu kwamba nitaandika kitakachoonekana kwenye vipimo, si zaidi. Hilo ndilo jibu langu la miaka yote, na nilikuwa nikiliona jibu la mtu mwadilifu.

Siku niliyofika, habari ilipanda ngazi kabla yangu. Sijui nani aliyeipeleka. Nilipoingia ofisi ya kwanza, birika la umeme lilikuwa linafuka mvuke ndani ya droo ya meza. Ofisi ya pili kulikuwa na karani anayetiririka jasho, feni imezimwa juu ya kichwa chake, akiniambia kwamba wao wamezoea joto. Ofisi ya tatu mtu alikuwa amekalia waya wa kuunganishia, na kila nikimwomba asogee kidogo nihesabu soketi, ananikaribisha kiti kingine. Orofa kwa orofa nilirudia maneno yaleyale: jamani, fanyeni kama siku zote, washeni mnachowasha siku zote, nisipoyaona matumizi yenu nitapima nini? Wakaniitikia kwa adabu zote. Hakuna aliyeniamini hata mmoja. Nikashuka nikiwa na hasira ya kutosha kuwashia taa za jengo zima.

Chini ya ngazi nikamkuta mama wa barafu. Alikuwa mtu mzima, labda amekaribia miaka sitini, mwenye asili ya Kaloleni, amefunga leso mbili, na shingoni ana msalaba mdogo wa mbao. Friza zilikuwa tatu kweli, kuukuu, moja mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa tairi. Hapo aliuza barafu za ukwaju, za ubuyu na za maembe katika vikombe vidogo, na maji baridi kwa madereva na vibarua wanaosubiri karatasi zao zitoke juu. Alikuwa pale kwa miaka kumi na moja. Kwa friza hizo alikuwa akilea wajukuu watatu, haya niliambiwa na mawakala huko juu kabla hata sijafika kwake.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua daftari alikuwa amenitia kikombe cha ukwaju mkononi. Sikuwa peke yangu. Siku hiyo alikuwa akimpa kila mtu: bawabu, makarani, dereva mmoja aliyeingia kuuliza choo. Nikataka kulipa, akakataa. "Kula, mwanangu. Leo nagawa."

Nikala. Ilikuwa tamu, na joto lilikuwa kali. Nikazunguka nyuma ya friza nikasoma vibao vyake vya kiwandani, nikaandika ukubwa na umri, nikaandika kwamba mpira wa kuziba mfuniko wa friza moja umechakaa. Akanipa kikombe cha pili. Nikashukuru nikaenda zangu kwenye chumba cha meta za umeme, na sikumwambia neno lolote juu ya yale niliyoambiwa kwenye simu. Sikuona kama inanihusu kumwambia.

Msimamizi wa jengo ndiye aliyenifungulia chumba hicho. Ni mzee wa Mombasa ya kale, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kazi, na mswalihina asiyeweza kukuacha upite bila kukuuliza hali za watu wa nyumbani mmoja baada ya mwingine. Chumba kilikuwa kichafu, utando wa buibui kila pembe, na nilimwona anaona haya. Akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia, Baba, mimi nimezoea, nimepima majengo ambayo panya walinitangulia.

Nilikuwa na vibanio sita vya kupimia. Kila kibanio hushikizwa juu ya waya kama kibanio cha nguo, bila kukata kitu, na chenyewe huandika kila dakika umeme kiasi gani unapita. Nilikuwa nimevipa namba. Cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikuwa vya orofa ya kwanza hadi ya tatu. Cha nne kilikuwa cha orofa ya nne. Cha tano taa za korido. Cha sita waya wa chini ya ngazi. Lakini fundi aliyefunga ile bodi ya nyaya ukutani, Mungu amsamehe, hakufuata mpango huo. Waya wa ngazi aliuweka wa nne kutoka kushoto, na ule wa orofa ya nne akautupa mwisho kabisa. Kwa hiyo vibanio vyangu vilikaa hivi: moja, mbili, tatu, sita, tano, nne. Kwangu halikuwa tatizo, nilikuwa nimeandika daftarini.

Nikamwambia msimamizi kwamba vitakaa hapo siku saba na kwamba visiguswe. Nilisema mara mbili. Aliniitikia inshallah, mkono kifuani, nami nikaondoka nikiwa na hakika.

Siku ya nane nilipofika alikuwa ananisubiri getini na boksi la viatu. Ndani yake, vimefungwa kwa kitambaa cheupe kisafi, vilikuwa vibanio vyangu vyote sita. Alikuwa amenitolea ili nisisumbuke kuingia kwenye joto. Nikahisi damu inanipanda kichwani. Kuna utaratibu wa kuvitoa, kuna mambo ya kuangalia kabla ya kuvitoa, na hapa mtu ananikabidhi kama anayenirudishia sahani niliyomletea futari. Lakini ningemwambia nini mzee yule? Alikuwa amesimama anatabasamu. Na mimi nilikuwa nachelewa kuvuka kwenda Likoni, kulikokuwa na ghala la samaki linalonisubiri. Nikapokea, nikasema ahsante Baba, Mungu akulipe. Nilipopita mlangoni niliona kigoda cha mama wa barafu hakina mtu na mifuniko ya friza imefunikwa turubai. Nikadhani amekwenda hospitali, au msibani.

Jioni hiyo, nikiwa nimekaa na chai yangu, mwenye jengo akapiga simu. Mashine zinasemaje? Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua vipimo kwenye kompyuta na nilikuwa nimeangalia jumla tu. Na jumla zilinishangaza. Kibanio namba sita, cha chini ya ngazi, kilikuwa kimerekodi umeme mwingi kuliko orofa mbili zikiwekwa pamoja. Nikamwambia kwamba kwa mtazamo wa kwanza waya wa ngazi ndio mzito zaidi, lakini kwamba friza tatu haziwezi kula kiasi kile, kuna jambo sijalielewa, anipe wiki nilitazame vizuri.

Alisikia mpaka kwenye "mzito zaidi". Mengine yote niliiambia hewa. Akanishukuru akakata simu, na mimi, badala ya kumpigia tena palepale nikamkemea, nilimaliza chai. Nilikuwa nimechoka. Nimeshaitafuta sababu nyingine ya kujitetea na sijaipata.

Lile ghala la Likoni lilinila siku zote za wiki, maana huko nako walikuwa wamezima mashine za baridi kwa heshima yangu na samaki walikuwa wanaanza kunuka. Niliporudi kwenye vipimo vya Changamwe ilikuwa ni wiki imepita. Safari hii nilichora mchoro, dakika kwa dakika, kama nilivyopaswa kufanya mwanzo.

Siku ya kwanza, mchana ule niliokuwa pale, waya wa ngazi ulikuwa na umeme wa kadiri, wa friza tatu kuukuu. Alasiri ukashuka mpaka sifuri. Ukabaki sifuri hadi kesho yake. Kuanzia saa nne asubuhi nyaya zote sita zilisoma sifuri kwa saa tatu, na ziliporudi, huu wa ngazi ukaruka juu ghafla, ukabaki juu siku zote zilizobaki. Nikautazama waya wa orofa ya nne. Wenyewe ulikuwa juu tangu mwanzo, lakini baada ya saa hizo tatu haukupanda tena, ukabaki sifuri. Nilikaa nikiitazama ile michoro miwili, mmoja umepanda pale mwenzake aliposhuka. Nikajiambia labda sivyo, labda hakuna aliyevigusa vile vibanio. Asubuhi nilikuwa Changamwe kabla ofisi hazijafunguliwa.

Harufu ya rangi niliisikia kabla ya kufika mlangoni. Chumba cha meta kilikuwa cheupe pe, kuta na dari, sakafu imepigwa deki, hata kasha la bodi limepakwa kijivu kipya. Msimamizi alinionyesha kila pembe, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana kijana.

Nikamuuliza alipaka lini.

"Kesho yake tu, ulipokwishaondoka. N'liona si uzuri mgeni kuweka vyombo vyake mahala pachafu. N'kavitoa kimoja kimoja, n'kavipangusa, rangi ilipokauka kidogo n'kavirudisha. Wallahi sikupoteza hata kimoja. Na wewe ulikuwa umevichanganya, sita katikati, nne mwisho. N'kakupangia sawasawa, moja mpaka sita."

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Nilitaka kupiga kelele, na nilitaka kucheka. Mtu amefanya kazi ya siku nzima, bila kuombwa na bila malipo, kunisitiri mimi na vyombo vyangu, na kwa kufanya hivyo amekiweka kibanio cha ngazi kwenye waya wa orofa ya nne, amechukua umeme wa tajiri akamwandikia mama wa barafu. Na ningemlaumu vipi? Ni mimi niliyemwambia asiguse bila kumwambia kwa nini. Kwake "usiguse" ni neno la watoto. Mgeni anapoacha mzigo nyumbani kwako unautunza, huuachi kwenye utando wa buibui.

Nikamuuliza la pili: zile friza, zilizimwa?

Akaniambia zilizimwa siku ileile niliyokuja, baada ya swala ya alasiri. Mama alikuwa amesikia kwamba wa stima wameletwa kwa ajili yake. Aligawa alichoweza, akamwaga kilichobaki, akatoa plagi zote tatu ukutani, akakaa wiki nzima bila kuuza ili mashine yangu isimkute na kosa. Madereva walikuja wakaondoka. Aliamini wiki ikiisha salama yatakuwa yamekwisha.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

Mzee akatazama chini. Mwenye jengo alikuja asubuhi ya pili baada ya mimi kuchukua vibanio, akamwambia mashine imemtaja, ampishe. Alipewa siku tano. Alitoka juzi.

Ule ukwaju niliokula, vikombe viwili, ulinirudia mdomoni. Mtu alikuwa anagawa biashara yake mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nasoma vibao nyuma ya friza.

Nikamwomba msimamizi anifungulie orofa ya nne. Alisitasita, akatoa ufunguo. Mlango ulipofunguka baridi ilitupiga usoni. Ofisi kubwa, meza kubwa, kiti ambacho bado kina nailoni ya dukani, na kwenye ukuta viyoyozi viwili vinanguruma vyote, vimewekwa kwenye baridi ya mwisho. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya maji na bilauri iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa. Dirisha la nyuma lilikuwa limeachwa wazi kiasi cha kiganja, na baridi yote ilikuwa inatoka nje kuwaburudisha kunguru.

Hatujawahi kuzima, mzee akanieleza, na alieleza kama anayesimulia jambo la kawaida. Miaka kadhaa nyuma mwenye jengo alikuja bila taarifa, na wageni, akakuta ofisi ina joto kama tanuri. Alimtukana msimamizi mbele ya wageni wale. Tangu siku hiyo mzee alijiapia kwamba tajiri akija, saa yoyote, siku yoyote, akute pamepoa. Na kwa kuwa chumba kikifungwa kinavunda, anaacha dirisha wazi kidogo. Hajawahi kuchoka. Hata sikukuu huja kuangalia kama vinafanya kazi.

Nilitaka kuwa na uhakika, safari hii uhakika wa kweli. Nikavirudisha vibanio, nikafunga mwenyewe, nikaandika majina kwa maneno na si kwa namba, nikamweleza mzee kila kimoja kinafanya nini na kwa nini mahali pake ni pale. Alisikiliza kwa makini. Alipoelewa, uso wake uliporomoka, na nikajuta kumweleza, kisha nikajuta kwamba sikumweleza mwanzo. Vilikaa siku nne. Orofa ya nne ilikula umeme kuliko nyingine zote. Waya wa chini ya ngazi ulikuwa mstari mtupu, hauna kitu.

Mwenye jengo akaja nilipomwita. Tulikaa ofisini mwake, kwenye ile baridi, nikamwekea michoro mezani. Nilieleza makosa yalivyotokea, yangu ya kwanza. Alipofahamu ninakoelekea, aliinua macho akatazama viyoyozi, halafu akamgeukia msimamizi aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Nani alikuambia uwashe siku zote?"

Mzee alifungua mdomo, na nilijua atasema ni yeye, ni kosa lake, atajibebesha yote kwa adabu kama alivyobeba boksi la viatu. Sikumwacha.

"Ni wewe, Bosi," nikamwambia mwenye jengo. "Siku uliyomtukana mbele ya wageni. Usimuulize yeye."

Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa hilo, hata nililitamani. Hakunifukuza. Alichukua rimoti akazima kimoja, akafikiri, akazima na cha pili. Akaniuliza hapo bili itashuka kiasi gani. Nikamwambia itashuka sana. Akaanza kuchangamka. Akasema ripoti iandikwe vizuri, pendekezo ni rahisi na halimgharimu chochote, mamlaka itafurahi.

Nikamuuliza, na mama wa barafu?

"Mwambie arudi. Mimi sina neno naye."

Alisema hivyo, kama mtu aliyemtuma dukani akasahau. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa na haki ya kumjia juu kwa hilo. Maneno "mzito zaidi" yalitoka kinywani mwangu.

Ilinichukua muda kumpata. Msimamizi aliuliza kwa bawabu, bawabu akauliza kwa madereva, na madereva, ambao walimjua kuliko sisi sote, wakaniambia yuko Magongo, kando ya gereji ya malori, anakaanga viazi. Nilikwenda siku ya pili yake, ripoti ikiwa ndani ya mkoba, imechapwa na kufungwa vizuri. Sijui kwa nini niliibeba. Nadhani nilitaka kumwonyesha ukurasa.

Alikuwa amekaa nyuma ya karai la mafuta, juani, na mwavuli uliovunjika mbavu umefungwa kwenye gogo. Leso zilikuwa zilezile. Nikamwamkia, akaitikia, akanipisha upande wenye kivuli. Nikaanza kueleza. Nilieleza vibanio, rangi, namba zilizopangwa sawasawa, viyoyozi vya orofa ya nne, dirisha. Nilieleza vizuri sana, nafikiri sijawahi kueleza kazi yangu vizuri namna ile kwa mtu yeyote. Nikamwambia kwamba hakuwa na kosa, imeandikwa, na tajiri amesema anaweza kurudi. Nikamwomba radhi.

Alikuwa akigeuza viazi wakati wote huo. Aliniambia friza mbili ameziuza. Mtu akipewa siku tano, naye hana pa kuziweka, atafanya nini kama si kuuza? Ya tatu, ile ya mpira wa tairi, hakuna aliyeitaka, iko kwa jirani, kuku wanatagia mayai ndani yake. Arudi na nini?

Akaipua viazi, akavikung'uta mafuta, kisha akanitazama, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kwangu kwa sababu hasira naijua.

"Siku ile nilikaa palepale kwenye kigoda, mwanangu, na wewe umesimama mbele yangu unakula ukwaju. Ulinipima. Hukuniuliza."

Nikasema ndiyo, Mama.

Wateja wawili walikuja, mafundi wa gereji wenye mikono ya grisi, akawahudumia. Nilingoja zamu yangu. Nilimwomba viazi vya kutosha watu wa nyumbani, na safari hii pesa alizipokea. Akavifunga kwenye gazeti, akafikiri kidogo, akafungua tena, akaongeza viwili juu.